Uwanja wa Venice haukuzaliwa siku ya utepe

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja, nikimeza hata yale yasiyomezeka. Makala yenu kuhusu uwanja wa skeitibodi, mchezo wa kuteleza juu ya ubao wenye magurudumu, katika ufukwe wa Venice, Los Angeles, imenishinda. Unaikumbuka, ile yenye picha ya machweo, mitende na kijana asiye na jina aliye hewani. Mwandishi wenu anaanza historia tarehe 3 Oktoba 2009, siku uwanja ulipokatiwa utepe na kufunguliwa, kana kwamba jiji liliamka na huruma, likamwaga zege mchangani, na vijana wakachomoza kutoka kusikojulikana.

Vijana walikuwapo, Mhariri. Mapema miaka ya 1970 eneo lile la Venice na kusini mwa Santa Monica liliitwa Dogtown, na halikuwa mahali pa kupigia picha za harusi. Gati la Pacific Ocean Park lilikuwa limefungwa tangu 1967, na watoto wa mtaani walicheza na mawimbi katikati ya nguzo zake zilizooza. Bahari ikitulia, walihamia kwenye lami. Jeff Ho, Skip Engblom na Craig Stecyk, wenye duka la mbao za kuteleza juu ya mawimbi, ndio walioiunda timu ya skeitibodi ya Zephyr. Magurudumu ya yurethani, aina ya plastiki, yaliyoletwa na Frank Nasworthy yalikuwa yameshaingia sokoni, yakishika barabara pale ambapo yale ya zamani yalikwama kwenye kokoto moja na kumtupa mtu. Mwaka 1975 timu hiyo ilikwenda mashindanoni Del Mar, mji wa kusini mwa California, ikateleza imechuchumaa, viganja vikigusa chini, huku wengine wakiwa wamesimama wima kama askari wa gwaride. Ukame wa 1976 na 1977 ukaacha mabwawa mengi ya kuogelea ya California matupu. Vijana wakaruka nyua za watu na kujifunzia humo. Yale mashimo ya zege mliyoyasifu kuwa “ubunifu wa wahandisi” yameiga mabwawa hayo. Na kabla ya uwanja kujengwa, waliteleza kwenye jengo la Pavilion hapohapo ufukweni. Lilipobomolewa wakabaki miaka wakidai mahali pao. Siku ya utepe ilikuwa mwisho wa madai.

Sasa nikwambie kilichonichoma hasa. Binti yangu anateleza pale. Jumamosi moja alikuwa akishuka kwenye shimo lenye kina, zamu yake, kila mtu akijua ni zamu yake, maana pale zamu haziandikwi lakini zinaheshimiwa kuliko za benki. Mtalii mmoja akaruka kizuizi na kuweka miguu mitatu ya kamera yake ukingoni, palepale binti alipokuwa atokee. Binti akajirusha pembeni, akachubuka kiwiko na paja, ubao ukaenda kivyake. Mtalii aliangalia kwanza kamera. Kisha, nilipomfuata kwa sauti ambayo sitaiandika hapa, akanijibu kwa utulivu kabisa: “Lakini si wapo hapa ili tuwapige picha?” Nilikosa la kusema. Ni wale vijana wakubwa waliomwinua binti, wakamfuatia ubao, wakamwambia aanze upya, kisha wakasimama ukingoni mpaka yule bwana akakunja vyombo vyake. Wiki chache baadaye nafungua gazeti lako nakuta mawazo ya yule mtalii yamechapishwa, kurasa mbili, kwa rangi.

Hata mlipoiweka makala panaudhi: ukurasa wa mitindo, karibu na tangazo la miwani. Skeitibodi iliingia Olimpiki Tokyo mwaka 2021, na medali ya fedha ya wanawake kwenye kipengele cha mashimo ilichukuliwa na Kokona Hiraki, mtoto wa miaka 12. Kurasa za michezo hazikuwa na nafasi, zilijaa tetesi za mchezaji wa soka atakayehama, asiyehama, atakayefikiria kuhama. Na katika mashindano yaleyale ya 1975 niliyoyataja, Peggy Oki, msichana pekee katika timu ya Zephyr, alishinda upande wa wanawake. Yeye hamkumtaja kabisa, ila mbwa aliyevaa miwani mmempa aya nzima.

Na jiji mlilolipamba vile ndilo lililojaza mchanga kwenye mashimo yale Aprili 2020, wakati wa korona, ili watu wasikusanyike. Sibishani na sababu. Nauliza tu kwa nini jambo hilo halimo kwenye makala. Mchanga ndio adui wa kila siku pale: upepo unauleta kutoka ufukweni, chembe chache chini ya gurudumu zinatosha kumwangusha mtu. Mwanaskeitibodi wa siku nyingi, Jesse Martinez, amejulikana kwa kuamka kabla ya jua na kuufagia uwanja, muda mrefu bila malipo. Mwandishi wenu alisifu “usafi wa kupendeza” bila kuuliza nani anafagia.

Pendekezo langu ni dogo. Mkimtuma tena, afike saa kumi na moja alfajiri, nitampa ufagio, aanze na shimo lenye kina. Kamera aiache garini, na maegesho ajilipie.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Los Angeles