Barua ya Wazi kwa Shemeji Yangu: Mpigaji wa Miaka 28 Bado Ana Nafasi

Shemeji yangu mpendwa,

Tangu tulipoagana Jumapili nje ya Huntington Park, uwanja wetu wa besiboli hapa Columbus, maneno yako hayajanitoka moyoni. Ulisema kwamba yule mpigaji wa zamu ya tano, mwenye umri wa miaka 28, anapoteza wakati wake. Kwamba asiyefika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani kabla ya kutimiza miaka 25 hatafika tena. Na kwamba sisi wa Columbus, ambao timu yetu ni tawi la Cleveland ya Ligi Kuu, tumezoea kuwapigia makofi watu ambao Cleveland haina haja nao. Sikukujibu pale pale kwa sababu watoto walikuwa wamechoka na wewe ulikuwa na safari ya kazini alfajiri. Nakujibu sasa, na naiweka barua hii hadharani kwa kuwa nimewasikia wengi wakisema kama ulivyosema wewe.

Nianze kwa kukubali yaliyo kweli katika hoja yako. Mtu wa miaka 28 aliye Triple-A, daraja moja tu chini ya Ligi Kuu, mara nyingine anakabiliana na warushaji wadogo kwake, vijana wenye mkono wa nguvu ambao bado hawajajua kuuweka mpira pale wanapotaka. Akiwapiga, klabu hujiuliza kama inaona kipaji au inaona ukongwe. Kisha kuna hesabu ya nafasi. Kila klabu ina orodha ya wachezaji 40, na ikiwa imejaa, kumwingiza mmoja ni kumtoa mwingine, ambaye klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua. Meneja gani atamwacha kijana wa miaka 22 aende zake ili ampe nafasi mtu ambaye miaka yake bora ya kupiga imeshaanza kuhesabika?

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na hakuna aliyevumilia kama Mike Hessman. Alichaguliwa na Atlanta mwaka 1996, akacheza hadi 2015, na katika ligi ndogo za Marekani alipiga homurani (mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja) 433, rekodi ambayo aliivunja akiwa na klabu ya Toledo, hapa hapa Ohio. Katika Ligi Kuu alipata michezo 109 tu, homurani 14, na wastani wa kupiga wa 0.188, yaani chini ya mapigo mawili katika kila majaribio kumi. Nguvu alikuwa nazo tele, lakini warushaji wa juu walijua mahali ambapo gongo lake halifiki, na walirusha hapo hapo, siku baada ya siku. Kwa hiyo sikuandikii nikidai kwamba subira pekee inatosha.

Ninachosema ni kwamba swali lako ni la umri, na umri haujibu kitu mpaka uulize ni nini kimebadilika kwa mchezaji mwenyewe. Mtu anayepiga vizuri akiwa na miaka 28 kama alivyopiga akiwa na miaka 24, huyo tunamjua tayari. Lakini aliyekuwa akipiga vibaya na sasa anapiga vizuri, ni lazima tujue kwa nini.

Mkumbuke Max Muncy. Oakland ilimpa michezo 96 katika misimu ya 2015 na 2016, akapiga wastani wa 0.195, na mwishoni mwa Machi 2017 ikamwacha. Akarudi nyumbani Texas, akawa anapiga mipira pamoja na baba yake, huku akifikiria kuachana na mchezo kabisa. Katika siku hizo aliubadilisha upigaji wake, na Dodgers wa Los Angeles walipomchukua kwa mkataba wa ligi ndogo, alimaliza mwaka 2017 akiwa Oklahoma City, timu yao ya Triple-A. Mwaka 2018, akiwa na miaka 27, alipiga homurani 35. Usiku ule wa Oktoba katika fainali dhidi ya Boston, mchezo ulipofika awamu ya 18, mara mbili ya kawaida, na watoto wetu wote wamelala, ni yeye aliyeumaliza kwa pigo moja. Ukikumbuka, ni wewe uliyenipigia simu kunieleza.

Mwaka uliofuata akaja Mike Yastrzemski, mjukuu wa Carl Yastrzemski, nyota wa zamani wa Boston. Mike alicheza mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu akiwa na Giants wa San Francisco Mei 2019. Alikuwa na miaka 28, na aliumaliza msimu huo na homurani 21.

Jambo la pili ni mlango, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Mchezaji anaweza kuwa tayari kabisa na bado akakaa chini kwa sababu aliye juu yake analipwa mamilioni. Silaha yake kubwa ni kwamba akimaliza misimu yake sita au saba ya mkataba wa kwanza bila kuwekwa katika orodha ya 40, anakuwa huru kuchagua klabu nyingine, na mwenye busara huchagua klabu dhaifu yenye pengo katika nafasi anayoicheza. Brent Rooker hakuchagua, lakini bahati ilimchagulia: alipita Minnesota, San Diego na Kansas City, hakuna aliyempa muda wa kutosha, kisha Novemba 2022 Oakland ikamwokota. Oakland ilikuwa imetoka kupoteza michezo 102, na mwaka uliofuata ikapoteza 112. Timu ya namna hiyo haina sababu ya kumwondoa mtu kwa sababu ya wiki mbili mbaya. Rooker alipiga homurani 30 mwaka 2023, akiwa na miaka 28, na 39 mwaka 2024. Sidhani kwamba kipaji hicho kilizaliwa Oakland. Alikuwa nacho alipokuwa Triple-A mwaka 2022, wakati watu walipokuwa wakisema yale yale uliyoyasema wewe Jumapili.

Sitakuficha upande wa pili. Joey Meneses wa Mexico alisubiri zaidi ya miaka kumi, akafika hadi Japani, na mlango wake ulifunguka tarehe 2 Agosti 2022, siku ambayo Washington iliwauza Juan Soto na Josh Bell. Alikuwa na miaka 30. Alipiga homurani siku hiyo hiyo, na katika michezo 56 akafikisha 13, kwa wastani wa 0.324. Mwaka uliofuata alihitaji michezo 154 kupata idadi ile ile ya homurani, na mwaka 2024 alirudishwa chini. Warushaji walikuwa wamemsoma. Hivyo ndivyo inavyokwenda kwa wengi wanaochelewa: msimu mmoja wa nuru, kisha basi. Lakini hebu fikiria maana ya msimu mmoja huo. Mwaka 2023, mshahara wa chini wa Triple-A ulikuwa dola 35,800 na wa Ligi Kuu dola 720,000, na siku 43 tu za Ligi Kuu zinampa mchezaji haki ya pensheni. Wewe unayetuma fedha nyumbani kila mwezi huhitaji kuelezwa tofauti hiyo katika familia ya mtu.

Sasa nirudi kwa kijana wetu, kwa sababu kuna jambo hukuliona. Unajua kwamba katika Triple-A timu mbili hukutana siku sita mfululizo, Jumanne hadi Jumapili. Jumanne ile walimtoa mara mbili kwa slaida, ule mpira unaokuja kama ulionyooka kisha ukakata kona na kushuka. Jumapili, ulipokuwa umewapeleka watoto kununua soseji, walimrushia mpira ule ule mara mbili. Wa kwanza aliuacha, gongo likiwa limetulia begani. Wa pili aliuacha pia, mwamuzi akaita straiki, yaani kwamba ulikuwa mpira wa kupigwa, naye bila kusita akaigusa kofia yake kwa mkono kuomba mashine iamue. Kwenye skrini tuliuona mpira ukipita nje ya kituo kwa upana wa kidole. Mrushaji akalazimika kuja katikati, na mpira uliofuata ukaenda hadi ukuta wa kulia. Wewe uliliona pigo tu uliporudi. Mimi niliiona ile mipira miwili aliyoiacha, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Nina jambo moja zaidi, ambalo si hoja. Tarehe 26 Aprili 2017, mjini Pittsburgh, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu, akiwa na miaka 27 na misimu kadhaa ya ligi ndogo nyuma yake, na mara yake ya kwanza kushika gongo alipata pigo dhidi ya mrushaji Jon Lester. Miaka sita baadaye, tarehe ile ile na katika uwanja ule ule, Drew Maggi aliingia baada ya michezo 1,155 ya ligi ndogo, akiwa na miaka 33. Umati mzima ulisimama kumpokea. Alitolewa kwa straiki. Siku tatu baadaye alipata pigo lake la kwanza.

Timu inarudi nyumbani Jumanne ijayo. Nimekata tiketi mbili nyuma ya kituo cha kwanza, na shangazi amekubali kubaki na watoto. Njoo tukae wiki nzima ukiweza, na usihesabu homurani. Hesabu mipira anayoiacha, hasa siku ya Jumapili, wakati warushaji watakuwa wameshamjua.

Wako,
Shemeji yako wa Columbus