Usinunue gia kwanza

Keko, Dar es Salaam

Ndugu yangu Shaaban,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Ujumbe wako nimeupata na nimecheka kidogo, unisamehe, maana ugonjwa huo wa msumeno wa meza mimi umenilia pesa. Unazungusha gurudumu la kulaza bledi, likifika karibu nyuzi 40 linagoma. Ukirudisha kwenye sifuri, yaani bledi wima, ubao unatoka umeinama. Na huyo fundi anakwambia gia imekwisha! Usimpe hata senti kwanza.

Mwaka jana nilikuwa na kazi ya masanduku ya mninga, kona zote za nyuzi 45. Kona tatu zikafumba vizuri, ya nne ikaacha mwanya ambao hata gundi ingeona aibu kuuziba. Ndivyo ilivyo: sanduku lina mikato minane, kila mmoja ukikosea nusu digrii, mwisho unadaiwa nyuzi nne. Nikakimbilia skrubu ya kikomo, ile inayoisimamisha bledi ikifika kwenye pembe yake, nikaikaza na kuilegeza mchana kutwa. Kesho yake pembe imehama tena. Nilipoinama na tochi chini ya meza ndipo nikaona: kati ya skrubu na kile chuma kinachotakiwa kuigusa kulikuwa na unga wa mbao umeshikana kama kashata. Nilikuwa napima unga, sio chuma. Kipande kikimeguka, pembe inahama.

Kwa hiyo chomoa plagi, sio kuzima swichi tu. Toa bledi, kisha safisha lile tao lenye meno kama gia, pamoja na skrubu ndefu inayolisukuma. Bisibisi nyembamba kwa unga mgumu, mswaki wa zamani na mafuta ya taa kwa utomvu. Futa mpaka pakauke kabisa. Usipake grisi, nakuomba. Najua mkono utakuwasha kupaka, lakini grisi inakamata unga na baada ya wiki mbili utaniandikia tena. Sugua nta ya mshumaa, inatosha. Angalia pia kama kitasa cha kufungia pembe kimelegezwa vizuri. Mimi nimewahi kupigana na gurudumu kumbe nilikuwa nimelifunga mwenyewe.

Likishazunguka laini, rudisha bledi, ipandishe juu kabisa na uweke skwea (kile kipimo cha kona) juu ya meza. Iegemeze kwenye bati la bledi, kati ya jino na jino. Jino ni nene kuliko bati, likigusa skwea litakudanganya. Legeza skrubu ya kikomo cha 90 (bledi wima, ndiyo ile sifuri ya kipimo), zungusha gurudumu mpaka mwanga usipite, funga kitasa, halafu upime tena, maana mashine nyingine zinasogea ukizifunga tu. Hapo ndipo uilete skrubu iguse. Mshale wa kipimo uuweke mwisho kabisa, wenyewe ni wa kusomea tu. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwenye 45, lakini kabla ya kuwasha zungusha bledi kwa mkono uone haikwaruzi kibao cha mdomo wa meza.

Gia yoyote ina mchezo kidogo, yaani inacheza kabla ya meno kushikana, kwa hiyo kila mara ifikie pembe yako ukitokea upande ule ule. Ukiipita, rudi nyuma uanze tena.

Skwea yako siiamini (ile iliyoanguka kutoka darini ulipokuwa hapa!). Kwa hiyo hakikisha ile 90 kwa mbao: bledi ikiwa wima, simamisha kipande cha ubao cha sentimita 5 kwenda juu, kikate katikati, pindua nusu moja juu chini, uziunganishe pale ulipokata. Kosa linajionyesha mara mbili: digrii moja inakuacha na mwanya wa karibu milimita 2, hata mtoto anauona.

Ukianza kukata 45, fensi (ule ukingo wa kuongozea ubao) iwe upande ambao bledi haiuinamii. Kipande kikibanwa chini ya bledi iliyolala kinarushwa kama jiwe la manati, na wewe una tabia ya kusimama nyuma yake.

Skwea mpya nakutumia Ijumaa kwa basi la asubuhi, nitakupigia nikishamkabidhi kondakta. Ukiona bado inagoma baada ya usafi, nipigie picha ya yale meno ya tao, hapo tutazungumza habari za gia. Nisalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Juma