Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za mfuko wa misiba nimemwachia katibu. Mimi naomba nimseme mtu ambaye wengi wetu tulilisoma jina lake ukutani siku ile tuliposhuka uwanja wa ndege wa St. Louis, hapa Marekani, na mabegi yetu: Albert Bond Lambert. Jioni zetu za historia mwaka huu tulizungumza habari zake, na wapo walioniuliza tunamtafutia nini tajiri wa zamani.

Tajiri alikuwa kweli. Alizaliwa 1875, na baba yake ndiye aliyeanzisha kampuni ya Listerine, ile dawa ya kusukutua kinywa. Mwaka 1900 alicheza gofu ya Olimpiki kule Compiègne, Ufaransa, akaambulia nafasi ya nane. Aliporudi, yeye na baba mkwe wake, George McGrew, wakahangaika hadi gofu ikaingizwa kwenye Olimpiki ya 1904 hapahapa, katika uwanja wa Glen Echo aliouanzisha huyo mkwe. Akapata medali ya fedha ya timu. Tusimkuze sana: timu zilikuwa tatu tu, zote za Wamarekani! Kwa mchezaji mmoja mmoja alitolewa na George Lyon, Mkanada wa miaka 46, aliyetwaa dhahabu na kwenda kupokea kombe akitembea kwa mikono.

Baadaye moyo wa Lambert ukahamia angani. Alianza na maputo, kisha ndege. Leseni ya urubani aliipata 1911. Mwaka 1920 akakodi shamba la ekari 170 nje ya mji ndege zipate pa kutua, na 1925 akalinunua. Hapo ndipo rubani Charles Lindbergh alipokuwa akirusha ndege za barua, na alipotafuta fedha za kuvuka bahari ya Atlantiki kwa ndege, Lambert alitoa dola 1,000. Mwaka 1928 mji ulipoutaka uwanja huo wa ndege, aliuuza kwa bei ileile aliyonunulia, dola 68,000 na ushei. Mweka hazina wetu aliposikia hilo alicheka: huyu angekuwa dalali wa viwanja Kigamboni angelala njaa.

Lambert alifariki 1946. Miaka ya karibuni palitokea pendekezo la kulisogeza jina lake nyuma kwenye jina la uwanja. Familia ikapinga, na tangu 2017 unaitwa St. Louis Lambert.

Hapo uwanjani kamati ya mapokezi bado inahitaji watu wawili wenye magari, kwa wageni wanaofika usiku. Aliye tayari amwone katibu kabla ya chai.

Mwenyekiti