Kuhusu walimu wako wapya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza ufanyeje ili hao walimu wawili wapya wasikukimbie. Anza na ratiba, hotuba ya kuwakaribisha itafuata.

Shule nyingi humtwisha mgeni kile wenyeji walichokikataa: darasa tundu kuliko yote, masomo matatu, na zamu juu yake. Wewe mpe somo moja, mawili ukibanwa sana, tena kwenye mikondo ya darasa moja, ili andalio moja alifundishe mara mbili au tatu. Kuandaa kila kipindi upya ndiko kunakommaliza. Vipindi navyo vipunguze. Uingereza, tangu Septemba 2021, mwalimu mpya hupunguziwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 5 wa pili. Kwa mwenye vipindi 30, hivyo ni vitatu tu kwa wiki. Huwezi kuniambia havipatikani.

Kimojawapo kiwe cha kukaa na mwalimu mlezi, yaani mzoefu wa kumwongoza, wa somo hilohilo. Hapa ndipo mipango mingi hufia: mlezi anateuliwa, barua anapewa, lakini mmoja akiwa huru mwenzake yuko darasani, basi wanaishia kusalimiana mlangoni. Tena mlezi asiwe wewe, wala yeyote anayejaza fomu za tathmini. Nani atamwambia mkuu wake kwamba darasa limemshinda?

Mlezi aingie darasani dakika 15 au 20, aangalie jambo moja walilokubaliana, mathalani maswali anavyoyauliza. Wazungumze siku hiyohiyo, na mgeni aondoke na kitu kimoja cha kujaribu kesho. Akipewa makosa kumi kwa mpigo, hatarekebisha hata moja. Mgeni naye akamtazame mlezi akianza kipindi: wanafunzi wanaingiaje, kazi gani tayari iko ubaoni, anasubirije watulie.

Azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha), vitabu, mitihani iliyopita na hatua za nidhamu (nani aitwe, lini) mkabidhi siku ya kwanza. Karatasi za mshahara zifuatilie mwenyewe.

Kisha chunga wiki ya sita hadi ya nane. Hamu ya mwanzo imeisha, madaftari yamerundikana, majaribio yanasubiri kusahihishwa. Mwondolee zamu kwa muda. Ukimuuliza anaendeleaje atasema vizuri. Muulize ni darasa gani linamnyima usingizi.

Ukishachora rasimu ya ratiba nitumie kabla hujaibandika.

Wako,
Rafiki yako