Usiipige kwanza hiyo Windows 11

Mambo vipi ndugu yangu, hamjambo wote hapo? Sisi wazima. Salamu zingine zitafuata maana nimesikia kwa shemeji eti wikiendi hii unaipiga Windows 11 kwa nguvu kwenye ile laptopu yako kuukuu, na Mtaalamu ndo kakwambia inaingia bila tabu. Nikaona nikuandikie kabla hujachomeka fleshi.

Kuingia itaingia, sibishi, njia za kuruka ule ukaguzi wa kama mashine inafaa zipo kibao. Ila Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, inataka Secure Boot, ile ya kuzuia programu zisizoaminika wakati mashine inawaka, na kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, zile zilizoanza kutoka 2017, na yako kama sikosei ni kizazi cha 4, sasa ukiilazimisha Microsoft wenyewe wanasema hawakuahidi apdeti. Leo inawaka, mwakani toleo kubwa likitoka huletewi, unarudi kulekule kwenye fleshi. Kuna wenye mashine za zamani zaidi ya yako, toleo la 24H2 la hiyo 11 halikuwaka kabisa kwao, prosesa haina maagizo linayoyataka. Wewe hapo utapona, lakini hata hivyo...

Najua kilichokutisha ni ile tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 kufika mwisho. Mashine haizimiki bwana! Ni kwamba matundu ya usalama hayazibwi tena, na hata hilo kuna ESU, mpango wa Microsoft wa nyongeza, inakupa apdeti za usalama hadi Oktoba 2026, unajiandikisha mlemle kwenye Windows Update, mradi uwe na toleo la 22H2 la Windows 10 na akaunti ya Microsoft. Mtaalamu hilo hakusema, eh? Yeye akishaona kitu kipya basi.

Halafu kinachonichekesha, we unalalamika mashine nzito, unadhani 11 itaipa mbio. Uzito uko kwenye hadidiski ile ya kuzunguka, hata uiwekee Windows ya malaika itaganda tu. Toa hiyo, weka SSD, diski isiyozunguka, ongeza RAM maana 4GB ndo kima cha chini cha kuinstoli hiyo 11 tu, ukifungua brauza na Excel kwa pamoja unaanza kusali. Fanya hivyo kwanza, 10 ileile utaiona nyingine. Na SSD ukija kununua laptopu mpya unaihamishia kwenye boksi la USB unaifanya ya bekapu, hakuna kilichopotea.

ESU ikiisha ndo tuongee Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows. Unaweza kuijaribu ikiwaka kutoka kwenye fleshi bila kufuta chochote, uone kama waifai na sauti vinakubali. Shida itakuwa zile Excel zako zenye makro, yaani amri za kujiendesha zenyewe, LibreOffice, ofisi ya bure ya huko, inazifungua ila makro zingine zinagoma, na printa yako sina imani nayo.

Sasa niambie, picha za harusi umeshazitoa humo au bado zipo kwenye hadidiski hiyohiyo? RAM yako imechomekwa au imechomelewa kwenye bodi? Umebonyeza Windows+R ukaandika tpm.msc, ukaona inasema nini kuhusu ile chipu? BitLocker, ile ya kufunga diski kwa ufunguo, imewashwa, na kama ndiyo, ufunguo wake unao wewe au Mtaalamu?