Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bangi ya Jimbo na Karatasi Zetu

Ndugu wanachama, baba zetu na mama zetu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Ya michango ya misiba mtayasikia kwa mweka hazina, na ya darasa la Kiswahili la watoto kwa katibu. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo moja lililoikosesha kamati usingizi mwaka mzima, hapa Aurora na kule Denver, jimboni Colorado: bangi.

Mwezi wa pili kijana wetu mmoja alikuja kwangu na bahasha. Ndani mlikuwa na fomu ya kuomba uraia, imejazwa kwa mwandiko safi, pamoja na karatasi za mshahara za miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kukaa mezani na mkasi mdogo akipunguza majani kwenye maua ya bangi, kwa mwajiri mwenye leseni ya jimbo. Kodi anakatwa. Msokoto hajawahi kuugusa kwa midomo. Akaniuliza, "Mzee, hapa kwenye kazi niandike nini?" Nikamwambia fomu isitoke mpaka wakili aione. Wakili alipoiona, akasema asiitume.

Wengi mmeniuliza inakuwaje kitu kiuzwe dukani mchana kweupe halafu kimkoseshe mtu uraia. Wananchi wa Colorado waliihalalisha kwa kura Novemba 2012, na mauzo yakaanza Januari 1, 2014. Lakini sheria ya nchi nzima ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ilisema Bunge la Marekani lina uwezo wa kukataza hata mche ambao mgonjwa wa California ameuotesha nyumbani kwa dawa yake. Jimbo linaweza kuwazuia polisi wake wasikukamate. Kuifuta sheria ya serikali kuu, ya Washington, haliwezi.

Kwa hiyo maduka haya yamekuwa yakiishi kwa kuachwa tu. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuwaelekeza waendesha mashtaka wasiwasumbue wanaofuata sheria za jimbo. Januari 2018 Jeff Sessions, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, akaufuta. Cory Gardner, aliyekuwa seneta wetu, akazuia uteuzi wa maafisa wa wizara hiyo mpaka Rais Trump alipomhakikishia kwamba Colorado haitaguswa. Wenye maduka walipata wa kuwasemea. Sisi ambao bado hatupigi kura tulibaki pale pale. Tena Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: hata kazi katika biashara ya bangi yaweza kumfanya mwombaji ahesabiwe hana mwenendo mwema, jimbo liwe limeruhusu au halikuruhusu. Meya wa Denver wa wakati huo, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu William Barr kupinga. Namshukuru kwa moyo wote, ila mwongozo haukubadilika.

Shikeni hesabu hii. Colorado inamruhusu mtu mzima kubeba aunsi 2, karibu gramu 57. Sheria ya uhamiaji, kwa aliyewahi kutiwa hatiani mara moja kwa bangi ya matumizi yake, inasamehe isiyozidi gramu 30. Na usipowahi hata kushtakiwa, kukiri kwa mdomo wako uwanja wa ndege, unaporudi kutoka kuzika nyumbani, kunaweza kukufungia mlango.

Madereva wa malori, nanyi ni wengi humu: vipimo vyenu ni vya serikali kuu. Mwenzetu mmoja alinunua peremende za bangi kwa ajili ya mgongo, na risiti anayo. Alipopimwa akasimamishwa kuendesha. Risiti haikumsaidia kitu.

Najua Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi kundi la tatu, na baadhi yenu mlishangilia. Kundi la tatu nalo ni la dawa zinazodhibitiwa, na sheria ya uhamiaji inayahesabu makundi yote.

Duka moja lilitaka kudhamini mashindano ya mpira ya vijana. Kamati ilikataa. Jezi zimechakaa, nazijua, na lawama nimezisikia. Sikuwa tayari kuona watoto wenye kadi za kijani, za ukaazi tu, wakipigwa picha chini ya bango lile.

Kijana wa mkasi sasa anapakia mikate usiku, kwa mshahara mdogo kuliko ule. Wakili amemshauri asubiri kabla ya kuomba, naye anasubiri.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe sehemu ya ada ya mwaka ujao imlipe wakili wa uhamiaji, akae nasi ukumbini Jumamosi moja kila miezi mitatu. Katibu atapitisha karatasi ya kura baada ya chai.