Risala ya Kikundi cha Watazama Nyota kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Kutazama Anga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kikundi,
Walimu, wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na anga isiyo na wingu. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Tunalitaja hilo kwa makusudi, kwani tumezoea kupokea wawakilishi. Ni watu waungwana, husikiliza vizuri sana, huandika kila kitu, na huahidi kufikisha ujumbe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza na marafiki wachache, bainokula moja na ramani ya nyota iliyochanika pembeni. Leo hii tunayo katiba, mhuri, wanachama wa rika zote na darubini mbili. Ya kwanza ina kioo cha inchi 8, kinachokusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya jicho lililokwisha kuzoea giza. Ya pili inasubiri skrubu. Historia ni ndefu na muda wako ni mfupi, kwa hiyo tunaomba turuke hapo.

Mafanikio yetu ni mengi. Tumefundisha vijana kulitambua kundi la nyota la Kilimia na sayari za Zuhura na Mshtarii bila kutumia simu. Mwanachama wetu mmoja amechora kwa penseli sura ya Mwezi tangu unapoandama hadi unapokamilika, na kazi hiyo imeshasifiwa na wote walioiona, yaani sisi. Kila Desemba tunahesabu vimondo vya Geminidi, ambavyo hufikia kilele chake kati ya tarehe 13 na 14. Hesabu hizo tunazituma kwenye shirika la kimataifa la vimondo, na hivyo tunaweza kusema bila kujikweza kwamba kikundi hiki kinachangia sayansi ya dunia. Tusidharauliwe kwa kuitwa wa kujitolea. Mwaka 1781 William Herschel, mwanamuziki, aliigundua sayari ya Uranus akiwa kwenye bustani ya nyumba yake huko Bath, Uingereza. Mwaka 1995 Thomas Bopp, ambaye hakuwa hata na darubini yake mwenyewe, aliiona nyota yenye mkia (kometi) inayobeba jina lake hadi leo kwa kuchungulia katika darubini ya rafiki. Walikuwa jangwani Arizona, Marekani, mbali na taa za mji.

Maneno hayo ya mwisho, Mheshimiwa, ndiyo yaliyotufanya tukualike.

Tuna changamoto kadhaa, kama vile viti, turubai na ile skrubu. Hizo tutazimaliza wenyewe. Iliyotushinda ni moja: taa za ulinzi zilizo kwenye nguzo nne kuuzunguka uwanja huu. Umekaa chini yake, na bila shaka umekwisha kuona kwamba unaweza kuisoma ratiba bila miwani. Sisi hatuwezi kusoma anga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utuvumilie tueleze hesabu ya usiku mzuri, maana walio nje ya kazi hii hudhani nyota zipo kila siku na kwamba tukikosa leo tutaona kesho. Mwezi humaliza mzunguko wake kwa siku 29 na nusu, na karibu nusu ya muda huo mbalamwezi huosha anga saa za jioni, nyota hafifu zisionekane. Katika nusu iliyobaki, ondoa siku za mawingu. Ondoa siku za ukungu, moshi na vumbi. Hata anga ikiwa safi kabisa, zipo siku nyota zinachezacheza mno kwa sababu hewa ya juu haijatulia. Washairi huzipenda siku hizo, lakini kwenye darubini sayari hutikisika kama sarafu chini ya maji yanayotiririka. Usiku wa giza, safi na wenye hewa tulivu ukiupata, kwa kawaida siku chache baada ya mvua kusafisha vumbi, unaacha kila kitu unakuja uwanjani. Huo ndio usiku tunaousubiri. Na huo ndio taa hizi zinaunyang'anya, kwa kuwa usiku wa namna hiyo hauwekwi akiba.

Jicho nalo lina utaratibu wake. Mboni hupanuka mara tu unapoingia gizani, lakini uwezo kamili wa kuona vitu hafifu huja taratibu, baada ya dakika 20 hadi 30. Ukiitupia jicho taa kali mara moja tu, unaanza upya. Ndiyo maana sisi hutumia tochi zenye mwanga mwekundu uliofifishwa, na ndiyo maana ukija hapa usiku wa kawaida utakuta watoto wamejifunika koti kichwani, wameinama kwenye lenzi, na dada mmoja amesimama nyuma yao ameshika shuka kwa mikono miwili kuiziba nguzo ya upande wa lango. Mikono ikichoka, shuka inashuka, na mtoto anasema, "Imepotea." Tunambadilisha mshika shuka, tunaanza kusubiri tena.

Tunataka tuwe wakweli, kwani hapa ndipo tulipokwama na wageni wote waliokutangulia. Taa hizi hazituzuii kuuona Mwezi. Hazituzuii kuona pete za sayari ya Zohali, wala miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Vitu hivyo vinang'aa vya kutosha. Basi kila mgeni rasmi aliyefika hapa ameonyeshwa Zohali, amefurahi, amepiga picha, na ameondoka akiamini kwamba hatuna tatizo. Kosa si lao. Ratiba ni yetu.

Kinachopotea ni kile kilicho hafifu na cha mbali: Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga, mawingu ya gesi ambamo nyota huzaliwa, na galaksi ya Andromeda, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali nasi, ambayo penye giza la kweli huonekana kwa macho matupu. Mwanga wake umesafiri miaka milioni 2 na nusu kutufikia. Umepita salama kote huko, ukaja kuzidiwa nguvu na balbu iliyo juu ya nguzo, hatua chache kutoka kwenye kioo chetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si geni. Lilisomwa mbele ya mgeni rasmi aliyepita, ambaye alisimama na kusema litashughulikiwa ndani ya wiki mbili. Tulipiga makofi. Lilisomwa pia kabla yake, kwa mgeni ambaye aliagiza msaidizi wake aliandike, na tulimwona akiandika. Baadaye walikuja mafundi. Walipima nguzo, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Waliporudi tulifurahi sana, hadi jioni ilipoingia: zilikuwa zimefungwa balbu mpya, nyeupe na kali kuliko za zamani. Tuliandika barua ya kushukuru kwa kujaliwa, na ndani yake tukaeleza kwa adabu kwamba ilikuwa kinyume chake. Nakala ya barua hiyo imo kwenye bahasha uliyokabidhiwa, pamoja na zilizoitangulia. Tumezipanga kwa tarehe.

Hatuombi uwanja uachwe gizani. Tunajua ulinzi ni muhimu, nasi pia tuna vifaa vinavyoweza kuibwa. Lakini sehemu kubwa ya mwanga wa taa hizi inakwenda juu na pembeni, ambako hakuna mwizi. Mlinzi mwenyewe ametuambia kwamba akisimama langoni zinampiga machoni asione kilicho nyuma ya nguzo. Tunaomba basi zifungwe kofia za bati ili mwanga ushuke chini unakohitajika. Tunaomba balbu nyeupe zibadilishwe ziwekwe za manjano, zisizozidi kelvini 3,000, kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye balbu, kwani mwanga wenye ubuluu mwingi husambaa zaidi hewani na kuifanya anga nzima ing'ae. Na tunaomba swichi ya nguzo hizi nne itenganishwe na ya majengo, ili siku za kutazama nyota zizimwe kwa saa chache kwa makubaliano na mlinzi, kisha ziwashwe. Kofia tuko tayari kuzitengeneza sisi wenyewe. Fundi bati ni mwanachama. Tunachokosa ni ruhusa ya kugusa nguzo, na ruhusa hiyo inatoka ofisini kwako.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba kubadilisha ratiba kidogo. Imeandikwa kwamba baada ya risala utaangalia Zohali. Tunaomba uanze na Andromeda, taa zikiwa zinawaka kama zilivyo. Utatuambia umeona nini. Kisha tunaomba uagize zizimwe, ukae nasi dakika 20 tu bila kuwasha simu, na uangalie tena kwenye lenzi ileile. Zohali tutakuonyesha mwishoni.

Sanduku la swichi liko ukutani nyuma yako, upande wa kushoto. Mlinzi yupo na ufunguo anao, lakini ameelekezwa asizime bila idhini ya ofisi yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi